Kimya cha Kigoma si dharau

Kazi yangu ni kutatua ugomvi wa timu zilizotawanyika. Juzi mteja wangu, bosi mwenye ofisi Posta, Dar, alinisogezea simu yake. "Tazama mwenyewe. Tiki za bluu tangu saa 4 asubuhi. Huyu wa Kigoma ananidharau." Nimeacha kuhesabu mara ninazoyasikia haya. Wa Mwanza mvivu, wa Dodoma kaota pembe. Wote wenye kasoro wako mbali, ajabu.

Mtafiti Catherine Cramton alizifuatilia timu 13 za wanafunzi waliotawanyika vyuo mbalimbali, akachapisha alichokikuta mwaka 2001. Kimya kilekile kilimaanisha nakubali, au sikubali, au nilikuwa safarini, au sikujua swali linanihusu. Jirani yako wa meza akichelewa, unamwona anaingia ana jasho la foleni ya Ubungo, unamsamehe kabla hajasema. Aliye mbali huoni kilichompata, kwa hiyo unaihukumu tabia yake.

Nikaomba niusome ujumbe wenyewe. "Mzigo vipi hapo?" Umetumwa kwenye grupu la watu 14, hauna jina la mtu. Kila mmoja alidhani wa kujibu ni mwenzake. Bosi akausoma tena, akanyamaza. Sikumwambia kwamba ananidharau.

Andika jina, unachotaka, na unakitaka lini. Hiyo lini nayo iandikwe kwa ukamilifu: ukimwandikia mtu wa London "saa 3" ukiwa na maana ya asubuhi yetu, yeye atajiandaa kwa saa 9 alasiri, na hapo hata hamjaanza kubishania saa za nchi zenu.

Wengine hulaumu tofauti ya saa tu. Dar, Kigoma na Nairobi saa zao ni zilezile, na ugomvi ninaotatua ni uleule.

Wapo wanaoamini kukaa jengo moja kunamaliza umbali. Thomas Allen, mtafiti wa MIT, chuo cha Marekani, alishaonyesha mwaka 1977 kwamba wahandisi huzungumza kidogo sana meza zao zikipishana mita 50 hivi. Ghorofa ya 2 na ya 7 ni safari.

Kikao cha video kila asubuhi? Wa Kigoma atazima kamera aokoe bando, nanyi mtasema hashiriki. Hela ya vikao hivyo ifanyeni nauli. Ila asafiri wa Dar, akakae kule wiki nzima na kuifanya kazi kwa mtandao wa kule. Mkimleta wa Kigoma huku, atajifunza foleni tu.