Mbawa za ndoa: anza na bata bukini

Wanaotaka nifundishe kufunga nzi wa kale wa kuvulia samaki aina ya samoni karibu wote huanza na swali lilelile: manyoya yanapatikana wapi? Nami nawarudisha nyuma. Shida ya nzi hawa iko kwenye vidole, manyoya yatafuata.

Kwa asiyewajua, nzi wa kuvulia ni ndoana iliyovikwa hariri, utepe wa fedha na manyoya. Hawa wa kale walishamiri Uskoti, Uingereza na Ireland katika karne ya 19, wakati meli zilikuwa zikishusha ngozi za ndege wa kila bara kwa ajili ya kofia za mabibi. Samoni akishaingia mtoni kwenda kutaga hali chakula tena, kwa hiyo nzi wake hana haja ya kufanana na mdudu yeyote. Fundi alikuwa huru, na uhuru huo aliutumia bila haya. Mtazame nzi aitwaye Jock Scott, aliyepewa jina la mvuvi wa Mto Tweed: ana feasanti dhahabu, tausi, tandawala, bata mzinga, jogoo-mwitu wa India, na shingoni kanga wetu wa madoadoa.

Ubawa wake ndio mtihani. Vipande vyembamba vya manyoya ya ndege tofauti, vya njano, vyekundu, vya buluu na vya marakaraka, hushikanishwa ubavu kwa ubavu mpaka vionekane unyoya mmoja uliozaliwa hivyo. Mafundi huiita ndoa. Hakuna gundi hapo. Kila unyuzi wa unyoya, yaani uzi mmojammoja unaochomoza kwenye shina lake, una vijitawi visivyoonekana kwa macho. Vinavyoelekea ncha ya unyoya vina vikulabu, na vinavyoelekea shina vina kingo za kushikwa na vikulabu hivyo, basi unyoya hufunga kama zipu. Ndiyo maana ndege unyoya wake ukichanika huupitisha mdomoni, ukarudi mzima. Na vikulabu havichagui kabila: vya bata vitashika kingo za tausi.

Kwa hiyo nunua manyoya ya bawa ya bata bukini yaliyotiwa rangi, na ya mkia wa bata mzinga. Vitabu vya zamani vinataja bata maji kwa rangi hizo, lakini bukini anafaa kabisa. Chunguza tu rangi ilivyotiwa, maana unyoya uliochemshwa kupita kiasi vikulabu vyake vimekufa na hautashikana na chochote.

Tenga manyoya ya kushoto na ya kulia katika bahasha mbili tangu siku ya kwanza. Yanapinda kinyume, na kipande cha kulia hakikai na cha kushoto hata ukibembeleze vipi. Chukua nyuzi tatu za njano na tatu nyekundu, zote za upande mmoja, ncha zikitazama upande uleule. Ziweke kingo kwa kingo, kisha zipapase taratibu kutoka shina kwenda ncha kwa kidole gumba na cha shahada. Utahisi zimeshikana kabla hujaona. Zikikataa, usikaze vidole. Zivute kidogo nyuma, upapase tena.

Kenya imewafungia wavuvi wa Ulaya na Marekani nzi kwa miongo mingi, na fundi wa karakana hizo ana mkono mwepesi kuliko wangu. Ila nzi wa biashara anataka kasi, na kwenye ndoa kasi huvunja kila kitu.

Kuhusu ndege adimu nina msimamo mkali. Mwaka 2009 kijana wa Kimarekani aliyekuwa akisomea muziki London aliingia usiku katika jumba la makumbusho la Tring, huko Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege, nyingine zikiwa zimekusanywa karne ya 19, kwa ajili ya manyoya ya nzi hawahawa. Nyingi zilikuwa zimeshanyofolewa au kung'olewa vibandiko vyake vinavyoeleza zilikotoka zilipopatikana, na ngozi isiyo na kibandiko haimfai tena mwanasayansi. Sioni ufundi wowote pale.

Ubawa ukikamilika, unabaki ugumu wa kuufunga. Ubane juu ya ndoana kwa vidole viwili, upitishe uzi mwembamba wenye nta katikati ya vidole, uache kitanzi kikiwa kimelegea, kisha uvute chini wima. Nyuzi za unyoya zinatakiwa zilaliane moja juu ya nyingine. Ukivuta kwa pembeni zinajiviringisha, na ndoa inavunjika mbele ya macho yako. Usiachie vidole mpaka mzunguko wa tatu.

Juu kabisa hukaa shungi la feasanti dhahabu, nalo mara nyingi hufika limepinda vibaya. Lilowanishe, ulibandike kwenye ubavu wa glasi, uliache likauke. Litashika mpindo wa glasi.