Urafiki hauji wenyewe: dhana ninazozisikia kwa wateja wangu

Juzi nimeisikia tena: "Urafiki wa kweli huja wenyewe, haulazimishwi." Aliyeisema ana kazi nzuri na majina mia kadhaa kwenye simu, lakini Jumamosi jioni hana wa kumpigia ila awe na shida. Hii ndiyo dhana inayoniumiza kuliko zote katika kazi yangu ya ushauri nasaha, maana nimeona watu wakiusubiri urafiki miaka sita, saba, katika jiji ambalo halimkutanishi mtu na mtu.

Wanaoisema hukumbuka shule. Kule, wanasema, marafiki walikuja wenyewe. Si kweli! Walipangwa. Kuna mtu alikupangia dawati, bweni na saa ya mapumziko, mkaonana siku tano kwa wiki bila yeyote kumwomba mwenzake. Ulipohitimu, ratiba ile ilikwisha, nawe ukadhani umeishiwa bahati.

Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti wao juu ya nyumba za wanafunzi wenye ndoa katika chuo cha MIT, Marekani. Aliyekuwa rafiki wa nani ilitegemea sana mlango wa nani uko karibu na wa nani. Hata waliokaa chini karibu na ngazi walikuwa na marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu kuliko majirani zao wa katikati, kwa sababu tu watu wa juu walipita pale kila siku. Sasa tazama jiji lililotanuka: unatoka alfajiri, unarudi usiku, na unayeelewana naye anakaa upande wa pili, mwendo wa saa moja na nusu kukiwa na foleni. Ngazi yenu iko wapi?

Halafu kuna suala la muda. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, alikadiria kuwa watu huhitaji kama saa 50 pamoja kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida, kama 90 kuwa marafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa wa karibu. Saa za kazini hazikusaidia sana. Zilizosaidia ni zile za kupiga soga na kustarehe. Piga hesabu. Mkionana saa mbili kwa mwezi, hizo 50 za mwanzo zitawachukua miaka miwili na mwezi mmoja. Mkionana saa mbili kila wiki, ni chini ya miezi sita. Watu ni walewale, tofauti ni ratiba.

Mteja mmoja alinifungulia mazungumzo yake na mwanamke waliyeelewana kwenye semina. Machi: "Tutafutane basi." Juni: "Jamani tumepotezana, tutafutane." Septemba: "Wikendi hii lazima." Wote wawili walimaanisha, na hakuna aliyetaja siku. Nikamwomba aandike: "Jumatano saa kumi na mbili jioni naenda kutembea pale uwanjani karibu na kwako, twende wote?" Aliandika, akafuta, akaandika, akafuta. "Ataona najipendekeza." Ilimchukua dakika kumi kubonyeza kitufe. Yule mwenzake alikuja, akachelewa dakika arobaini kwa foleni, wakatembea gizani. Jumatano iliyofuata hakuweza. Ya tatu wakaonana.

Ushauri wangu, ambao wateja wangu wamechoka kuusikia: chagua siku kabla ya kuchagua mtu. Siku moja, mahali pamoja, saa ileile, pasipohitaji fedha wala maandalizi, na uende hata kama wamekwambia hawaji. Na kati ya watu wawili unaoelewana nao, anza na aliye kwenye njia yako ya kila siku. Yule wa mbali anaweza kuwa anakufaa zaidi, lakini foleni itamla.

Hofu ya kujipendekeza nayo ina jibu. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kuwa baada ya mazungumzo na mtu mgeni, kwa kawaida tunadhani ametupenda kidogo kuliko alivyotupenda. Unapoondoka ukijilaumu kwamba umeongea sana, huenda mwenzako anajilaumu vivyo hivyo.

"Watu wazima wote wana watu wao tayari." Hapana. Watu huhama, huachana, hubadili kazi, huzaa, hufiwa. Yule unayemwona ana watu wake anakuona wewe hivyohivyo.

"Mimi mkimya, siwezi." Ukimya haujawahi kuwa tatizo kwenye kikao changu. Wakimya hupata tabu kwenye sherehe za watu hamsini, na mimi siwapeleki huko. Kutembea na mtu mmoja kila Jumatano kunawafaa kuliko kunavyowafaa wasemaji.

"Nipo kwenye magrupu mengi." Grupu ni pa kutangazia siku. Likikosa siku, ni pa kupokelea salamu za asubuhi.

"Nimenyamaza mwaka mzima, nikimwandikia sasa ataona nina shida." Peggy Liu na wenzake, mwaka 2022, waliona kuwa watu wanaotafutwa hufurahia kuliko anayewatafuta anavyokadiria, hasa wanapokuwa hawakutarajia. Kwa hiyo usianze na aya ndefu ya kuomba radhi, maana itamlazimu naye akuombe radhi na mtaishia hapo. Taja kitu kimoja kilichokukumbusha yeye, kisha taja siku.