Mzee Anapokonda: Mlo wa Miaka Hamsini Haufai Baada ya Sabini

Nikiwa mtaalamu wa lishe, swali ninaloulizwa mara nyingi na watu wanaowaleta wazazi wao kliniki ni hili: tumwondolee nini Baba, au Mama, ili aishi miaka mingi zaidi? Mara nyingi mengi yameshaondolewa. Mayai yameondolewa kwa hofu ya lehemu, nyama kwa hofu ya presha, maziwa kwa kuwa yanamjaza gesi, na kilichobaki ni chai ya rangi, mkate, uji mweupe na kitonge cha ugali kwa mchicha. Kumpunguzia chakula mtu wa miaka 50 mwenye kitambi kuna mantiki yake. Kwa mzee wa miaka 75 ambaye kanzu imeanza kumpwaya, hatari iliyo karibu zaidi ni upungufu.

Mwaka 2014 wataalamu nchini Australia walichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti zilizowafuatilia watu wapatao 198,000 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Waliokuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa hawakuwa wembamba, kwani uwiano wao wa uzito na urefu, ule tunaouita BMI, ulikuwa kati ya 24 na karibu 31, kiwango ambacho kwa sehemu kubwa tungekwisha kumwonya kijana kwamba ameanza kunenepa. Waliokuwa kati ya 20 na 21 walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 19 kuliko wale wa kati ya 23 na 24. Mtu anaweza kudai kwamba wembamba hao walikuwa wagonjwa tangu awali. Waandishi walilipima hilo kwa kuwaondoa kwenye hesabu waliofariki mapema na waliokuwa na maradhi, na matokeo hayakubadilika sana.

Mwaka huohuo, watafiti akiwemo Valter Longo wa Chuo Kikuu cha Southern California walichambua kumbukumbu za Wamarekani 6,381 waliofikisha miaka 50 au kuizidi. Miongoni mwa wenye miaka 50 hadi 65, waliokula protini nyingi walikufa kwa wingi zaidi, hasa kwa saratani. Miongoni mwa waliovuka 65, mambo yakageuka, na waliokula protini nyingi ndio walionusurika zaidi. Siuchukulii utafiti huo kama hukumu, maana washiriki waliulizwa walichokula kwa saa 24 tu, lakini unakubaliana na kile tunachokijua kuhusu misuli.

Misuli ya mzee ni mizito kuitikia chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kijana huhitaji takriban gramu 0.24 za protini kwa kila kilo ya mwili katika mlo mmoja ili misuli yake ijijenge kwa kiwango cha juu, ilhali mzee huhitaji takriban 0.4. Kwa mwenye kilo 60, hiyo ni tofauti ya gramu 14 na gramu 24. Ndiyo sababu wataalamu wengi wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo kwa siku, badala ya zile 0.8 za mtu mzima wa kawaida, na ndiyo sababu kipande kikubwa cha nyama cha Jumapili hakiwezi kufidia wiki nzima ya chai na mkate.

Gramu hizo hazihitaji chakula cha kitajiri. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa au mtindi gramu 8, kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 15, na kipande cha samaki cha gramu 100 kina karibu 20. Dagaa wakavu, ambao wengi huwaona kuwa chakula cha shida, wana protini nyingi kuliko uzito uleule wa nyama mbichi. Kwa mzee asiye na meno hukaangwa bila mafuta mpaka wakauke vizuri, wakatwangwa kwenye kinu, kisha unga wake ukakorogwa ndani ya mboga inapokaribia kuiva. Kuhusu unga wa lishe wenye nafaka sita, nina shaka nao: nafaka ni wanga hata zikiwa kumi, na kinachoubadilisha uji ni maziwa au karanga zilizosagwa. Chai nayo ihamishwe mbali na mlo, kwa kuwa huzuia madini ya chuma ya mboga yasifyonzwe.

Chakula peke yake, hata hivyo, hakitoshi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu wakazi 100 wa nyumba ya wazee mjini Boston, wenye wastani wa miaka 87, waliofanya mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu kwa wiki 10 waliongeza nguvu zaidi ya maradufu, wakati lishe ya ziada bila mazoezi haikuongeza chochote cha maana. Nyumbani, kuinuka kitini mara kadhaa bila kujisukuma kwa mikono ni mwanzo mzuri.

Mpimeni mzee uzito kila mwezi. Akipoteza kilo 3 kati ya 60 ndani ya miezi sita bila kukusudia, hayo si mambo ya uzee, apelekwe akachunguzwe. Pasipo mizani, tumieni utepe wa fundi cherehani: kigimbi chenye mzunguko usiofika sentimita 31 kinatia shaka kwamba misuli imepungua.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini kabla ya daktari wake kukubali. Na mzee anayemeza metformin kwa ajili ya kisukari kwa miaka mingi apimwe vitamini B12, hasa akiwa hali nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa sababu dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wake, na ganzi ya miguu inayosingiziwa sukari wakati mwingine hutokana na upungufu huo, ambao hutibika kwa sindano au vidonge.