Uzito haumo kwenye kamera, umo kwenye lenzi

Wazee wenzangu wapiga picha hushauriana: "Nunua kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), bega litapona safarini." Si kweli hivyo. Sony A7 III haina kioo, na yenyewe ni gramu 650 tu. Lakini ifunge lenzi ya Sony ya kuvuta mbali, 70-200 f/2.8 GM toleo la kwanza (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga huingia zaidi), umeongeza gramu 1,480! Kihisi, yaani kipande cha ndani kinachonasa mwanga, kikiwa cha milimita 36 kwa 24 kama chake, hudai lenzi nene, kioo kiwepo kisiwepo. Nafuu iko kwenye kihisi kidogo: lenzi ya OM System 40-150 f/4 ina gramu 382, nayo huvuta kama 80-300 kwenye kihisi kile kikubwa. Gizani utapoteza ubora wa picha, sikatai. Ila nikishuka kwenye boti Lamu, na magoti yangu haya, nataka mkono mmoja ushike kamba.