Filamu ya mwanafunzi haijitangazi: dhana potofu za kampeni, na ukweli wake

Vyuo vinavyofundisha filamu, kuanzia Bagamoyo hadi Nairobi, kila mwaka hutoa kazi zilizowatoa vijana jasho la kweli. Nyingi huonwa na wakufunzi, wanafunzi wenzao na ndugu wawili watatu, kisha zinalala kwenye diski. Linaniuma, kwa sababu mara nyingi tatizo si filamu yenyewe. Tatizo ni mambo tuliyoyaamini kuhusu kuitangaza bila kuyachunguza.

"Chema chajiuza"

Methali hii ina ukweli wake sokoni, ambako mnunuzi hulishika tunda, akalibonyeza na kulinusa. Filamu haishikiki mpaka mtu akubali kukupa dakika zake ishirini, na hawezi kukubali kama hajui ina nini ndani.

Chukua Watu Wote, filamu ya kuhitimu ya mwongozaji Katja Benrath, aliyekuwa akisoma Hamburg Media School huko Ujerumani. Ilipigwa Kenya. Msingi wake ni shambulio la basi la Mandera la Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu waliwakinga Wakristo na kukataa kutenganishwa nao mbele ya bunduki. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa abiria hao Waislamu, alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016. Mwaka 2017 filamu hiyo ilipata medali ya dhahabu kwenye tuzo za Oscar za wanafunzi, na mwaka 2018 ikawania Oscar yenyewe katika kundi la filamu fupi.

Ni kazi nzuri, hilo halina ubishi. Ila hakuna mjumbe wa tuzo anayepita chuo hadi chuo akiuliza nani ana filamu nzuri. Filamu hutumwa, ikiambatana na fomu, picha, maelezo na tafsiri. Tena angalia jinsi inavyoelezeka: abiria Waislamu wanakataa kutenganishwa na Wakristo mbele ya bunduki. Ukishaisikia sentensi hiyo, unataka kuona. Kampeni nzima ya filamu ya mwanafunzi ni kuipata sentensi ya namna hiyo, kisha kuifikisha kwa mtu ambaye jambo hilo linamhusu. Ukishindwa kuiandika sentensi yako, usikimbilie kuchora bango. Rudi kwanza ujiulize filamu ni ya nani.

"Tutatangaza tukimaliza kuhariri"

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na wanagundua wakati hakuna tena la kufanya. Uhariri umekwisha, tamasha linataka picha tatu za ubora wa juu, bango linasubiriwa, na waigizaji wameshatawanyika. Mmoja amenyoa nywele, mwingine yuko Mwanza. Basi mhariri anasimamisha video, anachomoa fremu moja, yaani picha moja ya video, na kuituma.

Tufanye hesabu. Fremu ya video ya kawaida ya HD ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani kama megapikseli mbili tu. Bango la A3 likichapwa vizuri, kwa pikseli 300 kila inchi, linataka takriban 3508 kwa 4961. Ukiinyoosha fremu yako kwenye upande mrefu wa A3 unabaki na pikseli 116 hivi kwa inchi, na sura ya mwigizaji mkuu inatoka imevurugika. Isitoshe, video nyingi hupigwa kwa kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie kwa kila fremu) ya 1/50 ya sekunde. Kasi hiyo hufanya mwendo uonekane laini kwenye skrini, lakini ukisimamisha picha, mkono uliokuwa ukipunga unageuka ukungu.

Dawa yake ni rahisi, ila ni ya siku ya kupiga. Mpe mwanafunzi mwenzako mmoja kamera ya picha mnato, na kazi yake iwe hiyo tu. Baada ya mwongozaji kuridhika na tukio, na kabla taa hazijahamishwa, waigizaji warudie mkao wao kwa dakika moja apige. Apige pia wafanyakazi wakiwa kazini: mshika maiki, mpakaji vipodozi, mwongozaji akizungumza na mwigizaji. Wanahabari huziomba picha hizo. Na ukishazipata usizirushe WhatsApp kama picha za kawaida, maana zinabanwa na kupoteza ubora. Zitume kama dokumenti, au ziweke kwenye folda ya mtandaoni utoe kiungo.

"Bila kiki haiendi"

Mfano unaotajwa kila mara ni The Blair Witch Project, filamu ya kutisha ya Marekani kuhusu wanafunzi waliopotea msituni. Waongozaji wake, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, walikutana wakisoma filamu University of Central Florida. Walitengeneza tovuti iliyoeleza kisa kana kwamba ni cha kweli, na kwenye tamasha la Sundance Januari 1999 yakabandikwa matangazo ya watu waliopotea. Filamu iliyogharimu makumi ya maelfu ya dola iliingiza karibu dola milioni 250 duniani kote. Mwanafunzi akisikia hivyo anahitimisha kwamba uzushi mmoja mzuri unatosha, tena bure.

Haikuwa bure. Kampuni ya Artisan iliinunua kwa dola milioni 1.1 hivi, kisha ikatumia mamilioni mengi zaidi kuitangaza. Tovuti nayo haikuwa uzushi wa usiku mmoja. Ilijengwa kwa miezi, na ilikuwa sehemu ya hadithi yenyewe. Uongo ule pia uliwaumiza watu: mama wa mwigizaji Heather Donahue alipokea kadi za rambirambi ilhali mwanawe yu hai. Kwetu, ambako habari ya mtu kupotea inasambazwa kwenye magrupu ya familia na misikitini na makanisani kwa nia njema kabisa, sioni njia ya kufanya kiki ya aina hiyo bila kumchezea mtu moyo. Kuna familia zinazomtafuta ndugu yao kwelikweli.

"Iweke YouTube usiku huohuo, watu waone"

Subiri. Matamasha yana masharti, na hayafanani. Cannes haipokei filamu ambayo tayari imeshawekwa mtandaoni. Sundance, kwa upande wa filamu fupi, haina kizuizi hicho. Soma masharti ya kila tamasha unalolilenga kabla ya kubonyeza kitufe, kwa sababu ukishaiweka hadharani huwezi kufuta ukweli kwamba iliwahi kuonekana. Wanaohitaji kuiona kabla, yaani wakufunzi, waandishi na wateuzi wa matamasha, wape kiungo chenye nywila.

Kwa filamu za ukanda wetu, tamasha la ZIFF la Zanzibar, lililoanzishwa 1997 na kufahamika kwa maonyesho yake ya Ngome Kongwe, ni lengo la haki kabisa kwa mwanafunzi. Panga kalenda yako kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho ya kutuma. Kwanza tamasha, kisha maonyesho ya nyumbani, mtandao uje baadaye.

"Kiswahili kitaizuia kwenda nje"

Watu Wote inazungumza Kiswahili na Kisomali. Kinachozuia filamu ni maandishi ya tafsiri yaliyofanywa harakaharaka na mtu mmoja usiku wa manane. Mpe msomaji wa pili ambaye hajaiona filamu, umwulize nini hakuelewa.

"Ni kazi ya chuo, haihitaji kibali"

Barua ya chuo ina uzito wake, lakini ukitaka kuonyesha kwa umma, sheria haiulizi kama wewe ni mwanafunzi. Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, inayosimamiwa na Bodi ya Filamu. Kenya nayo ina sheria kama hiyo, sura ya 222 ya sheria zake, na huko bodi ya uainishaji wa filamu hukagua hadi mabango. Kwa hiyo usichape mabango mia kabla hujajua kama bango limepita.

Ndugu yake dhana hii ni ile ya wimbo: eti sekunde kumi za ngoma inayotamba zinaruhusiwa kwenye trela. Hakuna kipimo hicho cha sekunde katika sheria ya hakimiliki. Unahitaji ridhaa ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi, na mara nyingi ni watu wawili tofauti. Mwombe mwanafunzi wa muziki akutungie, mwandikiane. Naye anahitaji jina lake lionekane.

"Wafuasi wengi ndio watazamaji"

Like elfu moja zinaweza kuleta watu kumi ukumbini. Kama filamu yako inamhusu mama lishe anayedaiwa kodi ya kibanda, watazamaji wako wa kwanza ni mama lishe, watoto wao, vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Nenda ukazungumze na mwenyekiti wa kikundi, omba dakika tano kwenye kikao chao, waonyeshe trela kwenye simu. Trela yenyewe ya filamu ya dakika kumi na tano isizidi sekunde arobaini na tano, na isimwage mwisho wa hadithi. Tengeneza nakala moja ya wima kwa ajili ya simu na nyingine ya mlalo.

Na onyesho lenyewe lipangwe wanapoweza kufika. Mama lishe wa chakula cha mchana hawezi kuja saa saba mchana. Anaweza kuja jioni akishaosha sufuria, kama ukumbi uko karibu na haumdai nauli ya bodaboda. Kibanda umiza cha mtaani, siku ambayo hakuna mechi kubwa, kina viti, skrini na spika. Zungumza na mwenye nacho mapema, fika na filamu kwenye flashi mbili, ijaribu mwanzo hadi mwisho kwenye mashine yake siku moja kabla, na mlangoni weka daftari la majina na namba za simu kwa yeyote atakayependa kuitwa filamu yako ijayo ikitoka.