Biskuti laini kwenye oveni si mbichi

“Mama, dakika zimeisha na biskuti bado ni laini. Niongeze ngapi?” Usiongeze hata moja. Swali hili linanifikia kila Desemba tangu wateja wangu wa Ibanda na Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, waanze kufuata ile desturi iliyoenea Marekani: kabla ya Noeli marafiki wanakutana, kila mmoja na aina yake ya biskuti, wanagawana, kila mtu anarudi nyumbani na mchanganyiko. Wazo zuri. Halafu siku yenyewe inafika na nusu ya sahani ni mawe.

Mawe hayo yanatokana na imani moja, kwamba biskuti isiyo ngumu haijaiva. Siagi huyeyuka kabla joto halijafika digrii 40, na biskuti inayotoka motoni ina zaidi ya digrii 80 ndani yake. Itakazaje, ikiwa siagi bado inaelea na sukari imelegea? Vikipoa ndipo vinashikana. Ukingoja ikaze humo humo kwenye oveni, unakausha maji yote yaliyobaki, na chini inaungua huku wewe unatazama juu. Kwa digrii 180, biskuti ya kawaida inataka dakika 10 hadi 12. Ukingo ukishika rangi ya kahawia, na katikati pamepauka lakini hapang'ai tena kama donge bichi, toa! Iache juu ya bati lake dakika 5, maana bati la moto linaendelea kupika, ndipo uihamishie kwenye wavu. Kuonja ni baada ya nusu saa. Anayeoka kwa sufuria, makala (makaa ya moto) chini na makala juu ya kifuniko, ainue moja kwa kisu aangalie upande wa chini, kwa sababu huko ndiko kunakotangulia kuiva.

Na kabla ya kujaza bati, oka biskuti 1 peke yake. Nawaambia wote, wachache wananisikia. Mapishi mengi ya kwenye intaneti yameandikwa na watu wanaoishi chini kuliko sisi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwa digrii 95 hivi, hewa ya levire (baking powder, unga wa kuumulia keki) inavimba zaidi na biskuti inatanuka. Ile moja ikitanuka mno, punguza levire kidogo, ongeza kijiko cha unga, weka donge mahali pa baridi. Umepoteza moja tu.

Mengine nayapita haraka. “Levire imekwisha, nimeweka bikarbonati kiasi kile kile.” Bikarbonati ina nguvu mara 3 au zaidi, na bila kitu kichachu, kama ndimu au maziwa ya kuganda, inaacha ladha ya sabuni. Levire ya mkate nayo si levire ya keki. Hilo sitaki kuulizwa tena.

“Nimezifungia kwenye boksi zikiwa moto, zisipoteze harufu.” Mvuke ukikosa pa kutokea unarudi ndani ya biskuti. Usichanganye aina zote kwenye boksi moja pia: laini zinatoa unyevu, kavu zinaunywa, na kwa mvua hizi za Desemba zote zinalegea.

“Donge halina yai, watoto walambe tu.” Unga wa ngano haujapikwa. Unaweza kubeba salmonela, yai liwepo lisiwepo.

Wapo pia wanaoamini kwamba mwenye heshima analeta aina 5. Aina 1 inatosha, ila idadi ipangwe mapema: mkiwa 8 na kila mmoja akileta biskuti 48, kila mtu anaondoka na 6 za kila aina, zake zikiwemo. Wa 9 anayejialika siku moja kabla, aje kunywa chai.