Ajira zimehama, mshahara hautoshi, nyumba bei haishikiki: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Kila mjadala wa ugumu wa maisha siku hizi unaishia palepale. Watu wa nchi za mbali wanafanya kazi kwa hela ndogo, viwanda vinawafuata huko, waliobaki nyuma wanakosa ajira, na dawa eti ni mbili tu, ama funga mipaka ama kubali kuishi kimaskini ili uweze kushindana nao. Mimi hii habari inaniumiza kwa sababu ina ukweli nusu, na ile nusu iliyobaki inafanya watu wamalize nguvu zao kumchukia mfanyakazi mwenzao wakati hela yao inatokea mlango mwingine kabisa. Mlango wenyewe ni nyumba. Tuzipitie hizi dhana moja moja, zingine nitazipita haraka maana hazina uzito.

"Wale wanakubali mshahara mdogo kwa sababu wamezoea shida"

Hakuna binadamu aliyezoea njaa. Mshahara mdogo unapokelewa kwa sababu mbili ambazo watu wanazichanganya, ya kwanza ni kwamba anapoishi gharama ziko chini kwa hiyo hela ileile inanunua vitu vingi zaidi, ya pili ni kwamba hana ubavu wa kukataa. Hiyo ya kwanza haina ubaya wowote. Ya pili ndio tatizo, na mfano wake unaumiza. Jengo la Rana Plaza nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013 likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa viwanda vya nguo. Nyufa zilionekana jana yake, benki na maduka ya chini yakafungwa, lakini washonaji wakaambiwa waingie kazini. Kima cha chini cha mshahara wao kipindi hicho kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi (taka ni hela ya Bangladesh). Baada ya maandamano na presha ya dunia nzima kikapanda mpaka 5,300 mwaka huohuo, 8,000 mwaka 2018, na 12,500 mwaka 2023. Watu waliozoea shida hawaandamani namna hiyo. Na viwanda havikukimbia, Bangladesh bado ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nguo duniani, kwa hiyo ile hofu kwamba ukimuongeza mfanyakazi hela kidogo tu kila kitu kinahama, haikutimia pale.

"Kazi zote zimechukuliwa na China"

Hapa kuna ukweli na lazima tuukubali. Marekani mwaka 2000 ilikuwa na watu kama milioni 17 kwenye viwanda, China ikaingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, na kufika mwanzoni mwa 2010 ajira zile zilikuwa zimebaki kama milioni 11.5. Sio zote ziliondoka kwa sababu ya China, kuna mtikisiko wa uchumi wa 2008 katikati hapo, ila wachumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walionyesha kwamba miji iliyoshindana moja kwa moja na bidhaa za China iliumia na ikaendelea kuumia miaka mingi. Nadharia ilikuwa inasema watu watahamia kwingine au watapata kazi zingine, wengi hawakupata. Kwa hiyo anayemwambia fundi aliyepoteza kazi akiwa na miaka 50 kwamba biashara huria ina faida kwa wote, amwambie pia nani alizipata hizo faida.

Ila sasa angalia nyuma zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 karibu theluthi moja ya waajiriwa wa Marekani nje ya kilimo walikuwa viwandani, na kufika 2000, kabla China haijaingia kwa nguvu, walikuwa wamebaki kama asilimia 13, huku viwanda vyenyewe vinazalisha vitu vingi kuliko mwanzo. Mashine hizo. Hata China yenyewe idadi ya watu kwenye viwanda na ujenzi ilifika kileleni mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikaanza kushuka. Kwa hiyo hata ukifunga mipaka leo kiwanda kikarudi, kitarudi na mashine nyingi na watu wachache.

Halafu kuna ile dhana nyingine ndugu yake, kwamba mwenzako akipanda wewe lazima ushuke. Mwaka 1990 zaidi ya theluthi ya watu duniani walikuwa kwenye umaskini uliokithiri, kufika 2019 walikuwa chini ya mmoja kwa kila kumi, na hawakupanda kwa kumnyang'anya mtu chakula mezani. Ni kweli hesabu za wachumi Branko Milanovic na Christoph Lakner za kuanzia 1988 mpaka 2008 zilionyesha watu wa kati wa Asia wamepanda sana, matajiri wa juu kabisa nao wamepanda sana, na watu wa kipato cha chini na cha kati kwenye nchi tajiri wamekaa palepale. Lakini nani abaki na kilichoongezeka ndani ya nchi yako, hilo linaamuliwa na sheria za kodi, za mishahara na za nyumba za nchi yako.

"Kiwango cha maisha ni mshahara"

Hii ndio dhana iliyonifanya niandike. Chukua watu wawili. Wa kwanza analipwa 100, nusu inaenda kwenye pango. Wa pili analipwa 67, yaani theluthi nzima pungufu, ila makazi yanamchukulia sehemu moja ya kumi tu. Wa kwanza anabaki na 50, wa pili anabaki na 60 na ushee. Mwenye mshahara mdogo ndiye mwenye hela mfukoni, na ukiwaweka kwenye soko moja la ajira huyu wa pili anaweza kukubali mkataba ambao wa kwanza akiukubali atalala nje. Sio uvivu wa wa kwanza wala uzembe wake, ni kwamba anatafuta mshahara wa kumlisha yeye na wa kumlisha mwenye nyumba. Kuanzia tarehe 1 mpaka 15 ya kila mwezi anafanya kazi ili awe na pa kulala tu, na bosi wake naye anayemlipa hiyo hela anaona kabisa kwamba wafanyakazi wa pale ni ghali, anaanza kutafuta kwa kuhamia.

Singapore walilishika hili mapema. Bodi yao ya nyumba ilianzishwa 1960, sheria ya 1966 ikaipa serikali uwezo wa kuchukua ardhi kwa bei ya chini, magorofa yakajengwa kwa wingi wakati huohuo wanaita viwanda vya nje, na mpaka leo karibu asilimia 80 ya wakazi wanaishi kwenye nyumba za bodi ile. Vienna, mji mkuu wa Austria, walianza mapema zaidi, miaka ya 1920, kwa kodi maalumu ya nyumba iliyowabana zaidi wenye makazi ya kifahari. Jengo la Karl-Marx-Hof lenye nyumba zaidi ya 1,300 lilifunguliwa 1930 na bado linakaliwa, na leo manispaa ina nyumba kama 220,000. Hizi sehemu mbili kisiasa hazifanani hata kidogo, zinachofanana ni kwamba zote ziliona makazi kama sehemu ya mshahara.

"Nyumba ni ghali kwa sababu vifaa na mafundi ni ghali"

Vifaa vinapanda bei, sikatai, ila sio huko hela inakoishia. Watafiti Katharina Knoll, Moritz Schularick na Thomas Steger walichapisha mwaka 2017 historia ya bei za nyumba kwenye nchi 14 zilizoendelea tangu 1870, na wakakuta kwamba karibu asilimia 80 ya kupanda kwa bei baada ya Vita vya Pili vya Dunia imetokana na ardhi. Sio tofali, sio nondo, sio ujira wa fundi. Maana yake mtu akikuuzia ndoto ya ukuta wa bei rahisi kwenye kiwanja cha bei ya dhahabu, umeokoa kidogo sana, na ukuta wenyewe ni sehemu tu ya jengo kwa sababu msingi, paa, mabomba, umeme, jiko na choo vyote bado vinakudai.

Kuna na suala la ukubwa ambalo watu hawapendi kulisikia. Nyumba mpya ya wastani Marekani mwaka 1950 haikufika skwea mita 100, kufika 2015 ilikuwa karibu 250, na muda wote huo idadi ya watu ndani ya kila nyumba ilikuwa inapungua. Sio kwamba kila mtu aliitaka hivyo, sehemu nyingi kanuni zenyewe zinakataza kiwanja kidogo, zinakataza nyumba kuungana, zinalazimisha maegesho ya magari, kwa hiyo hata anayetaka kitu kidogo cha uwezo wake haruhusiwi kukijenga.

"Nyumba ya udongo ni ya maskini, mvua moja tu imekwisha"

Mji wa Shibam huko Yemen una magorofa ya tofali mbichi za udongo yenye floo 5, 6, 7 na zaidi, asili yake karne ya 16, na watu wanaishi humo. Msikiti Mkuu wa Djenné, Mali, wa sasa ulijengwa 1907 na kila mwaka wakazi wanaupiga plasta upya. Hapo kwenye kila mwaka ndipo siri yote ilipo. Ukuta wa udongo unaangushwa na maji yanayopanda kutoka chini na yanayoupiga kutoka juu, ukiuwekea msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi na paa lenye upenu mpana, ukaukarabati kwa wakati, unakaa. Ukiuacha, unakufa.

Na anayekwambia udongo hauna hatari yoyote naye anakudanganya. Bam, Iran, tarehe 26 Desemba 2003, tetemeko liliangusha mji wa udongo likaua watu zaidi ya 26,000. Udongo mtupu kwenye eneo la matetemeko ni kaburi, huko unatakiwa kushikwa na mbao, mwanzi au chuma. Kwenye tetemeko la Kashmir la 2005, mpakani mwa Pakistan na India, nyumba za kienyeji za fremu ya mbao iliyojazwa mawe na udongo zilihimili kuliko zege nyingi zilizojengwa vibaya, na Colombia kwenye tetemeko la 1999 la mji wao unaoitwa Armenia nyumba za mwanzi wa guadua zilifanya vizuri mpaka mwanzi ukaingizwa kwenye kanuni za ujenzi za nchi.

Kwa anayetaka kujaribu, anza na chupa. Toa udongo wa juu wenye mizizi, chukua wa chini yake, utie kwenye chupa inayoonyesha ndani mpaka ujae theluthi moja, weka maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu kisha iache imetulia. Mchanga unatua ndani ya dakika moja mbili, chembe laini zinafuata, udongo wa mfinyanzi unachelewa, kesho yake unaona matabaka kabisa unaweza kuyapima kwa rula. Mfinyanzi ukiwa mwingi mno tofali litapasuka likikauka, ukiwa kidogo mno halishikani, kati ya asilimia 15 na 30 hivi ndio pazuri. Changanya na saruji asilimia 5 mpaka 8, fyatua kwa mashine ya mkono ya kushindilia, ya aina ile aliyoibuni Raúl Ramírez Bogotá miaka ya 1950, kisha funika kwa nailoni na uyamwagilie matofali, usiharakishe kujenga kabla ya wiki tatu nne. Hakuna kuni iliyochomwa hapo. Saruji yenyewe inapikwa kwenye joto la nyuzi kama 1,450, na mawe ya chokaa yakiungua yanatoa hewa ya kaboni hata moto ungekuwa safi kiasi gani, ndio maana saruji peke yake inachangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo inayotolewa na binadamu. Huwezi kuiacha kabisa, ila unaweza kuitumia pale tu inapohitajika.

Msanifu majengo Francis Kéré alifanya hivyo kwenye shule ya kijiji chake cha Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001: tofali za udongo zenye saruji kidogo, dari ya tofali, na bati limeinuliwa juu kwa fremu ya nondo ili hewa ya moto ipite katikati. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Mafundi walikuwa wanakijiji wenyewe, kwa hiyo ujira na ujuzi vilibaki palepale.

Kontena la mizigo linalogeuzwa nyumba nalitaja kwa kifupi: chuma kinawaka jua likitoka, kinaganda baridi ikija, ukikata milango na madirisha unalidhoofisha lazima uimarishe, na ukimaliza kuwekea kinga ya joto nafasi imebana na hela imekwenda.

"Nyumba rahisi ni kurudi nyuma"

Iquique, kaskazini mwa Chile, kulikuwa na familia kama 100 zilizovamia nusu hekta katikati ya mji. Ruzuku ilikuwa dola kama 7,500 kwa nyumba, humo ndani ununue ardhi, uweke miundombinu, ujenge. Kiwanja cha pale mjini kilikuwa ghali mara tatu ya ambacho miradi ya namna hiyo ilikuwa inamudu, na njia ya kawaida ingekuwa kuwapeleka jangwani nje ya mji kwenye vijumba kamili. Msanifu majengo Alejandro Aravena na wenzake mwaka 2004 wakafanya kinyume, wakanunua palepale katikati na wakajenga nusu nyumba, ile nusu ambayo familia peke yake ingeshindwa kuijenga vizuri: msingi, kuta zinazobeba, ngazi, jiko, bafu, na nafasi wazi iliyopimwa pembeni ya kujaziwa baadaye. Kila familia ikajaza kwa kasi ya mfuko wake, skwea mita 36 zikawa zinaweza kufika 72, na wakabaki karibu na kazi zao, shule za watoto na usafiri, bila kuanza kulipa nauli ya jangwani kila siku kutoka kwenye mshahara uleule.